Kuhusu lile swali lako la simu

Mamangu,

Uliniuliza juzi: "Ma, uraibu wa intaneti upo kweli ama ni maneno ya watu? Mwenzangu wa chumbani ananiita teja wa simu." Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukasema umefeli masomo mawili. Nakujibu kwa barua kwa kuwa WhatsApp ungeiruka, nakujua.

Teja si wewe. Mateja nimewauguza miaka mingi wodini. Lakini pia usimcheke mwenzako.

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuuandikia uraibu huu miaka ya 1990, akatunga maswali 20 ya mtu kujipima. Shirika la Afya Duniani nalo limeingiza uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, ila intaneti kwa jumla haimo. Na hata kwa hiyo michezo, hawahesabu saa tu. Huangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia mambo yake yote, na kama anaendelea ilhali anaona unamharibia. Kwa hivyo usiniulize saa ngapi ndizo nyingi. Binti wa jirani anauza madera mtandaoni, simu haimtoki mkononi kutwa, na yu mzima wa afya.

Mimi nakuuliza jengine: saa nane za usiku, ukiishika hiyo simu, unakimbia nini?

Sikukuu ulipokuja nilikutazama pale barazani. Chai ilifanya utando. Mjombako alikusemesha, ukamjibu "eh" bila kuinua kichwa. Kidole kinapandisha video moja baada ya nyengine, na uso haukucheka hata kwa moja. Anayefurahia kitu humwonyesha aliye karibu naye. Hapo ndipo nilipoingia wasiwasi.

Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na simu mara nyingi huandamana, na kipi kilitangulia si rahisi kujua. Mwenye huzuni hukimbilia simu, simu humla usingizi, bila usingizi darasa halipandi, na darasa likimshinda hurudi kitandani na simu ile ile. Wewe ulinambia usiku hununua bando la kutumia kwa saa moja, kisha huwezi kulala kabla halijesha, lisije likapotea bure. Shilingi chache hizo zinakugharimu asubuhi nzima! Na si udhaifu wako peke yako. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usio na mwisho, unaozidi kuleta mapya kila kidole kikipandisha, mwenyewe amesema hadharani kuwa anajuta.

Sikwambii ufute kila kitu, maana hata notisi za chuo ziko humo humo. Nataka simu ilale mbali na kitanda. Usiniambie ndiyo kengele yako. Saa za kengele zimejaa madukani. Upate usingizi wa saa saba angalau, kisha tuone.

Na uende kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii. Ikiwa huzuni na kukosa hamu vimekushika wiki mbili mfululizo, tutakwenda pamoja kliniki ya akili pale Port Reitz. Nyanyako atasema ni husuda, atataka kukufukiza. Mwache akufukize, ubani haugombani na daktari. Lakini ukijiwa na fikira ya kujidhuru, hapo hapana kungoja: mwamshe mwenzako akupeleke hospitali, nami unipigie hata saa tisa za usiku.

Masomo mawili hurudiwa. Mwalimu wa kitengo chako umuulize tarehe za mtihani wa marudio kabla hazijapita, maana huko ndiko unakokukimbia. Babako nitamwambia mimi leo, akirudi kusali isha. Wewe Jumamosi vuka feri mapema, uje ule mbaazi na mahamri.

Mamako