Mshindi bila serikali: maswali yenu kuhusu mseto wa Thuringia

Maswali yenu kuhusu siasa za Ujerumani yamekuwa mengi, na mengi yanarudi palepale: Thuringia, jimbo la mashariki lenye makao makuu Erfurt, ambako uchaguzi wa Septemba 1, 2024 ulitoa matokeo yaliyowakoroga hata Wajerumani wenyewe. Haya hapa majibu ya machache.

Chama cha AfD kiliongoza kwa kura lakini hakikupewa serikali. Huo si wizi? (Msomaji, Morogoro)

Si wizi. AfD kilipata asilimia 32.8 ya kura, sawa na viti 32 kati ya 88. Waziri mkuu wa jimbo hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na wabunge, na katika duru mbili za kwanza anahitaji kura 45. AfD ilipungukiwa kura 13 na hakuna chama kilichokubali kuipa hata moja. Tangu 2021 idara ya kulinda katiba ya jimbo hilo imeliweka tawi hili la AfD, linaloongozwa na Björn Höcke, kwenye kundi la siasa kali za kulia zilizothibitishwa, na vyama vingine vyote vilishasema kabla ya uchaguzi kwamba havitaungana nalo. Kwa hiyo aliyempigia kura mgombea wa chama kingine alijua anachopiga.

Ila msidhani AfD imebaki mikono mitupu. Viti 32 ni zaidi ya theluthi moja, na jambo lolote linalodai theluthi mbili, kama kurekebisha katiba ya jimbo au kulivunja bunge, halipiti bila wao. Hayo ni madaraka, hata kama hayana gari la bendera.

Sasa walioungana walipataje wingi? (Msomaji huyohuyo)

Hawakuupata. CDU, chama cha kihafidhina, walikuwa na viti 23, BSW cha Sahra Wagenknecht 15, SPD, chama cha demokrasia ya kijamii, 6. Jumlisha: 44. Nusu kamili ya bunge, pungufu ya kura moja tu. Waliobaki ni Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, wenye viti 12. Lakini mkutano mkuu wa CDU ulishapitisha azimio mwaka 2018 linalokataza kushirikiana na AfD na pia na Die Linke.

Ndipo siasa ikageuka ufundi wa kuchagua maneno. Pande hizo zilikubaliana kwamba serikali itaijulisha Die Linke mapema kuhusu miswada yake na kusikiliza maoni yao kabla ya kura, ili isilazimike kutegemea kura za AfD. Waliita utaratibu huo kila jina isipokuwa ushirikiano. Desemba 12, 2024 Mario Voigt wa CDU alichaguliwa katika duru ya kwanza kwa kura 51, yaani angalau saba kutoka nje ya mseto wake. Azimio la 2018 halikuguswa. Mimi naona ni unafiki, lakini ni unafiki uliowapa watu wa Thuringia serikali kabla ya Krismasi.

Kuna mseto wanaouita "Kenya". Sisi tumeingiaje humo? (Msomaji, Nakuru)

Kwa rangi za bendera tu. CDU rangi yao ni nyeusi, SPD nyekundu, Wanamazingira kijani. Vyama hivyo vitatu viliungana hivyo katika jimbo la Saxony-Anhalt mwaka 2016, kisha Brandenburg na Saxony mwaka 2019. Hakuna nusu mkate wala maridhiano ya Nairobi ndani yake. Wa Thuringia, kwa weusi, zambarau na wekundu wake, wameuita jina la tunda la porini, mseto wa beri nyeusi.

Ni kama Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya kwetu? (Msomaji, Unguja)

Hapana. Kwenu tangu 2010 katiba ndiyo inayoamuru kugawana. Ujerumani hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kuungana na yeyote. Kuna hesabu ya viti tu, na kalamu.

Kuanzia siku ya kura hadi kiapo zaidi ya miezi mitatu! Wanafanya nini muda wote huo? (Msomaji, Dodoma)

Wanaandika. Kwanza kuna mazungumzo ya kupimana, wachache wa kila chama wakitafuta kama kuna haja ya kuendelea. Wakiridhika, wanaunda vikundi kazi: shule, polisi, hospitali za vijijini, fedha. Kila kikundi kinaleta rasimu, na yaliyoshindikana yanapelekwa kwa viongozi. Mwisho unapatikana mkataba wa mseto, kisha kila chama kinaupeleka kwa watu wake.

Thuringia walikwama kwenye jambo ambalo si kazi ya jimbo kabisa: vita vya Ukraine na makombora ya Marekani. Wagenknecht alitaka msimamo wa amani uandikwe, na hadharani akamkosoa Katja Wolf, kiongozi wa chama chake mwenyewe huko Erfurt, kwa kulegea mno. Suluhisho lilikuwa utangulizi ambamo CDU na SPD wanaeleza mapokeo yao ya kushikamana na nchi za Magharibi, na BSW wanajieleza kuwa watu wa amani bila kulegeza. Ukurasa mmoja, misimamo miwili, sahihi tatu. Wengine waliucheka. Mimi nadhani ndiyo sehemu ya maana kuliko zote, kwa sababu mseto haufi kwa ugomvi uliokwisha kuandikwa. Unakufa kwa ule ambao kila mtu alidhani mwenzake ameusahau. Wolf naye akawa waziri wa fedha.

Muda wa mwisho? Katiba ya Thuringia haiuweki. Bodo Ramelow wa Die Linke, waziri mkuu aliyeshindwa, aliendelea kuongoza kama mlinzi wa ofisi. Jirani zao wa Saxony ndio wenye saa: wakikosa waziri mkuu ndani ya miezi minne tangu bunge jipya lianze, bunge linavunjika.

Mkataba ukishasainiwa, uchaguzi wa bungeni si mhuri tu? (Msomaji, Muscat)

Muulize Heide Simonis, waziri mkuu wa jimbo kupitia SPD, angekuwa hai. Machi 17, 2005 huko Kiel, jimbo la Schleswig-Holstein, mpango wake ulikuwa na kura 35 dhidi ya 34. Kura ni ya siri. Duru ya kwanza ikakosekana kura moja. Ya pili, moja. Ya tatu, ya nne, moja ileile. Hadi leo aliyemwangusha hajajulikana, na kiti kikaenda kwa Peter Harry Carstensen wa CDU.

Thuringia wana kidonda chao pia. Katika duru ya tatu anayepata kura nyingi zaidi anashinda, hata kama hazifiki nusu. Februari 5, 2020 AfD walikuwa na mgombea wao, wakamwacha na sifuri na kumpigia kimyakimya Thomas Kemmerich wa FDP, chama cha kiliberali chenye viti vitano. CDU nao walimpa kura. Akamshinda Ramelow 45 kwa 44. Kiongozi wa wabunge wa Die Linke, Susanne Hennig-Wellsow, alikwenda kumpongeza na kulitupa shada la maua miguuni pake. Angela Merkel, akiwa ziarani Afrika Kusini, alisema kitendo hicho hakisameheki na lazima kirekebishwe. Siku chache baadaye Kemmerich alijiuzulu. Voigt alikuwa anaikimbia duru hiyo ya tatu.

Jimbo dogo vile lina uzito gani Berlin? (Msomaji, Kigoma)

Lina kura nne kati ya 69 katika Bundesrat, baraza la majimbo, nazo lazima zipigwe kwa sauti moja. Machi 22, 2002 muswada wa uhamiaji ulitegemea kura nne za Brandenburg, iliyokuwa chini ya SPD na CDU. Jimbo lilipoitwa, Alwin Ziel wa SPD alisema ndiyo. Jörg Schönbohm wa CDU akasema hapana. Mwenyekiti Klaus Wowereit akamgeukia waziri mkuu Manfred Stolpe, ambaye akasema ndiyo. Schönbohm akajibu kwamba mwenyekiti anaujua msimamo wake. Wowereit akahesabu ndiyo, na ukumbi ukalipuka kwa kelele na kugonga meza. Baadaye Peter Müller, waziri mkuu wa Saarland, alikiri kwamba hasira zile zilikuwa mchezo wa jukwaani, ingawa halali. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliifuta sheria, kwa kuwa jimbo halikusema kwa sauti moja.

Ndiyo maana mikataba ya mseto huwa na kifungu kifupi: tusipokubaliana, jimbo linajizuia. Na kwa kuwa muswada unaodai idhini ya Bundesrat unahitaji ndiyo 35, kujizuia huko huhesabika sawa na hapana.