Re: Akina mama wote wananijibu "sijambo"

Salama mkuu. Umesema unatumia dodoso la Edinburgh la sonona (ugonjwa wa huzuni kali) baada ya kujifungua, na karibu kila mama anapata sifuri. Kabla hujagusa tafsiri ya maswali, angalia nani kakaa karibu. Mimi nilihoji wiki mbili nzima kwenye benchi la mizani ya watoto kliniki, mama mkwe kashika kadi ya mtoto. Nani angesema analia usiku? Nilipohamia chumba cha nyuma, mlango umefungwa, majibu yakabadilika. Wakumbushe pia maswali yanahusu siku 7 zilizopita tu. Swali la 10, la kujidhuru, lisisubiri uchambuzi: akijibu chochote zaidi ya "kamwe", mfikishe kwa muuguzi siku hiyohiyo. Takwimu muulize msimamizi wako, huko mimi mgeni.