Skonzi za bitiruti: jinsi nilivyoaibika na rangi ya kichuguu

Juzi usiku nimeshafunga jiko, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, simu ikalia. Dada mmoja msomaji wa Morogoro kanitumia picha ya mkate uliokatwa katikati. Chini yake kaandika: "Dada, nimefuata kila kitu. Bitiruti tatu nzima, donge likawa pinki mpaka nikalipiga picha. Kutoka kwenye oveni ndiyo hivi. Nimekosea wapi?"

Nikaitazama nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Ganda lilikuwa kahawia, hilo si neno, ganda la mkate wowote ni kahawia. Shida ilikuwa ndani. Rangi ya kichuguu kilichonyeshewa mvua. Rangi ile naijua mno, kwa sababu mimi nilishawahi kutoa skonzi 60 za rangi ile ile, na zangu zilikuwa na mwenyewe.

Basi nimwombe radhi huyo dada kwamba jibu lake limekuwa refu hivi. Nilianza kumwandikia mistari miwili, nikaona hapana, hili lina watu wengi. Wote tuliomo humu, tusidanganyane, tunaota siku moja tuwe na bekari yenye kioo mbele na jina letu juu ya mlango. Na wengi wetu tunaanzia pale pale: oveni moja ya gesi, oda moja ya sherehe, na kamati moja ya wanawake wenye midomo.

Mimi niko Tanga. Mwaka jana nilipata oda ya send-off, skonzi 60 kwa shilingi 500 moja, haya pigeni wenyewe hesabu. Rangi za sherehe zilikuwa pinki na dhahabu. Mama mwenyekiti wa kamati alikuwa ameona picha mahali, skonzi pinki zimepangwa kwenye sinia kama maua, akazitaka vile vile. Ila bila rangi ya dukani, kwa sababu shangazi wa bibi harusi hataki "madawa" kwenye chakula. Nikajibu haraka, kama kawaida yangu: hamna shida mama, nitatumia bitiruti.

Nilikuwa sijawahi kuoka na bitiruti hata siku moja.

Asubuhi nikaenda soko la Mgandini, nikachagua bitiruti nzuri za Lushoto, zile ndogo ngumu zenye majani bado. Nikazichemsha saa nzima mpaka zikalegea kama viazi. Maji yale mekundu nikayamwaga kwenye sinki, huku nikijisemea kwamba uchafu umetoka. (Nikikumbuka napata kizunguzungu. Nusu ya rangi niliyoinunua iliondoka na yale maji.) Nikaziponda, nikaingiza kwenye unga. Na kwa kuwa muda ulikuwa umenibana, hamira nikaiacha, nikatia beking pauda, na juu yake kijiko cha beking soda ili ziumuke upesi. Donge likatoka damu ya mzee, linang'aa. Nikalipiga picha nikamtumia mwenyekiti. Akajibu kwa mioyo mitatu.

Nikawasha oveni moto wa juu kabisa, maana skonzi nazipenda ziive zikakamae kidogo. Nilipofungua mlango, harufu ilikuwa tamu, na sinia zima lilikuwa na rangi ya tofali. Nikajipa moyo kwamba ndani zitakuwa pinki. Nikapasua moja. Ndani ilikuwa kahawia inayoelekea manjano, na doa moja tu la pinki katikati, dogo kama punje ya dengu.

Nilizipeleka hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipokosea zaidi ya pale kwenye beking soda, lakini nitafika huko. Usiku ule mdogo wangu, ambaye alikuwa kwenye grupu la kamati, alinisikilizisha sauti ya mwenyekiti: "Jamani, ile mikate ya pinki imefika. Tumeletewa skonzi za udongo." Na vicheko nyuma yake. Hela iliyobaki hawakunilipa. Skonzi walikula zote 60, na sinia langu lilirudi baada ya wiki mbili, limepinda.

Nililia, sitaki kujifanya shujaa. Siku tatu sikugusa unga. Siku ya nne nikachukua vikombe viwili vya chai, nikatia juisi ya bitiruti mbichi kila kimoja. Cha kwanza nikakikamulia ndimu. Cha pili nikatia kijiko cha beking soda. Cha ndimu kikazidi kung'aa, chekundu kama kanga mpya. Cha pili kikawa zambarau iliyochoka, na nilipokipasha moto kidogo kikageuka kahawia, kama chai iliyolala. Nikakaa chini jikoni nikavitazama vikombe vile nadhani robo saa.

Siri yote ilikuwa pale mezani. Wekundu wa bitiruti unaitwa betanini, ndiyo hiyo hiyo viwanda huitia kwenye aiskrimu na mtindi wakaiandika E162 kwenye boksi. Angalieni wanaitia wapi: vitu vya baridi, tena mtindi una uchachu wake. Betanini haipendi moto mrefu, haipendi mwanga, na haipatani kabisa na magadi na jamaa zake, beking soda na beking pauda. Inapenda uchachu. Mimi nilikuwa nimeichemsha, nikaitilia beking soda, kisha nikaipeleka kwenye moto wa juu. Nilifanya yote matatu kwa siku moja, na bado nikashangaa.

Kwa hiyo dada yangu wa Morogoro, kabla sijakuuliza chochote: ulitia beking pauda, sivyo?

Ninavyofanya sasa ni hivi. Unga wa ngano nusu kilo. Bitiruti mbichi gramu 150, yaani moja ya wastani, imemenywa maganda, naikatakata naisaga kwenye blenda pamoja na maji mililita 180 na vijiko viwili vya chakula vya ndimu. Sichuji, nataka vile vipunje. Hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili. Msizidishe maji kwa mazoea, bitiruti karibu yote ni maji. Mkitia kikombe chenu cha kila siku mtapata uji. Kukanda sitawafundisha, mnajua. Hapa kwetu na joto hili linaumuka kwa dakika 40 hivi. Huko kwenye baridi, Lushoto au Njombe, subirini mpaka liwe mara mbili, msiangalie saa.

Hamira yenyewe ikifanya kazi inaleta uchachu kidogo, ndiyo maana mkate wa hamira unashika rangi kuliko keki ya beking pauda. Ndimu inaongezea. Lakini msiimimine kama mnatengeneza achari. Nilishawahi kutia ndimu nne kwa tamaa, donge likawa linakatika mkononi na mkate ukatoka mchachu kama togwa la jana.

Halafu moto. Nyuzi 180, si zaidi. Skonzi ndogo za gramu 50 zinatosha dakika 18, na kuanzia dakika ya kumi nazifunika na foili juu ili zisibabuke, maana bitiruti ina sukari yake na ganda linawahi kuiva. Mkate mkubwa unachukua dakika 40, na dakika 40 ni nyingi kwa rangi hii, ndani utapauka kidogo upende usipende. Mteja akitaka pinki ya kweli, mwambieni achukue skonzi. Wale wa mkaa juu mkaa chini, punguzeni mkaa wa juu. Nimeokea mkaa miaka sita, najua ule wa juu unavyosaliti.

Na ndimu. Nimeshasema ndimu? Ndimu.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu rozela, kwa sababu rozela ni nyekundu na ni chachu yenyewe, kwa hiyo ingekuwa dawa. Nilidhani hivyo pia. Nilichemsha choya kavu, yaani rozela yenyewe, nikakandia unga, nikapata boflo la kijivu. Kijivu kabisa, kama sabuni ya kipande. Rangi ya rozela ni ya ukoo mwingine: ni nyekundu ikiwa kwenye uchachu mkali tu, na ukishaichanganya na unga, uchachu unapungua, nayo inakimbilia zambarau na kijivu. Bitiruti ni ukoo mmoja na mchicha, na ile rangi ya mchicha mwekundu inayochafua wali sahanini ni ndugu wa damu wa betanini. Majani ya bitiruti pikeni kama mchicha, kwa nazi, msitupe.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia, na nililijua kwa aibu. Nilipofaulu mara ya kwanza, mkate pinki kweli kweli, nikampelekea baba mkwe. Mzee akaupenda, akala slesi nne usiku. Asubuhi mume wangu akanipigia simu kutoka kwao, sauti ya chini: mzee anataka kupelekwa hospitali, ametoka msalani ameona damu. Mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, hawezi kuniambia mimi mwenyewe jambo kama hilo, likapita kwa mama mkwe, likaja kwa mume wangu, likanifikia likiwa limeshakuwa ugonjwa wa figo. Nikamwuliza mume wangu, "Jana usiku alikula nini?" Kimya. Kisha nikasikia anacheka mpaka simu ikaanguka. Baadhi ya watu wakila bitiruti mkojo wao unakuwa pinki, haina madhara, inapita siku hiyo hiyo au ya pili. Waambieni wateja mapema. Mimi sasa naandika kwenye kikaratasi nabandika juu ya mfuko. Mzee hajagusa mkate wangu tena, anasema ameshiba.

Sasa nirudi pale nilipoahidi kurudi. Zile skonzi 60, kosa langu kubwa halikuwa la jikoni. Nilipopasua ile ya kwanza nikaona kahawia, ilikuwa saa nne asubuhi. Sherehe ilikuwa jioni. Nilikuwa na saa kadhaa za kumpigia mama mwenyekiti nikamwambia: mama, rangi imekataa, nikuokee nyeupe nizipake sukari ya pinki juu, au nikurudishie kishika uchumba chako? Angegomba, lakini angegomba na mimi peke yangu. Badala yake nilifunika sinia kwa kitambaa nikaomba Mungu, mwenyekiti asione. Ndugu zangu, mteja anaona. Watu wana macho. Sisi wapishi wa nyumbani tuna ugonjwa huu wa kutuma picha ya donge na kunyamaza kuhusu mkate. Tukipewa oda ya kitu tusichokijua tunaitikia "hamna shida" kabla hata swali halijaisha. Okeni kwanza nne, mle wenyewe, wapeni majirani, kisha mpokee hela ya mtu.

Na nyie akina mama wa kamati, maana najua mnasoma humu, chakula mlichokila ni deni. Kama kilikuwa kibaya kirudisheni. Ukishakimeza umekikubali, hata kama kilikuwa rangi ya kichuguu. Unga ulinunuliwa, gesi iliungua, mtu aliamka saa kumi. Kuna wanawake wanasomesha watoto kwa skonzi hizo mnazozichekea kwa sauti kwenye grupu. Nasema hivi si kwa chuki. Au labda kidogo.

Dada wa Morogoro, jaribu tena Jumamosi, na skonzi nane tu, usianze na mkate mkubwa. Ukishazikata zifunike na kitambaa, usiziache dirishani kwenye jua zipigwe picha, rangi inafifia ukiitazama. Nitumie picha ya ndani, ya nje siihitaji.

Mama mwenyekiti anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu. Wiki iliyopita alisimama kwenye meza yangu pale nje, kama hatujawahi kuonana, akanyanyua skonzi moja akaigeuza, akaipasua mwenyewe bila kuniuliza. Ndani pinki, mpaka kidole chake kikaingia rangi. Akaniuliza, "Hizi nazo ni za bitiruti?" Nikamwambia ndiyo mama, shikamoo. Akafungiwa kumi, kwa ajili ya wajukuu. Akasema hana chenji, atanitumia hela kwa simu akifika nyumbani.

Leo ni siku ya nane.