Je, buku ananusa vizuri kwa sababu ya wingi wa jeni?

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Wete ameuliza iwapo buku, yule panya mkubwa anayefunzwa kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, amewashinda panya wengine kwa wingi wa jeni za kunusa. Idadi peke yake haitoshi kutoa hukumu hiyo. Panya mdogo wa majumbani ana jeni za vipokezi vya harufu (protini za puani zinazonasa harufu) zinazofanya kazi zipatazo 1,100, ilhali mbwa ana kama 800 tu, na hakuna anayetilia shaka pua ya mbwa.

Tofauti kubwa zaidi baina ya spishi, na kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo mengi, imo katika vipokezi vya feromoni (kemikali ambazo mnyama humpelekea ujumbe mwenzake), vilivyomo ndani ya kiungo kidogo chini ya ukuta unaotenganisha matundu ya pua. Harufu ya chakula humhusu kila mnyama, lakini ujumbe wa dume kwa jike huwa ni wa spishi yenyewe, hivyo jeni za kuupokea ujumbe huo huongezeka nakala na kufa upesi katika mabadiliko ya vizazi. Machozi ya panya mdogo dume, kwa mfano, yana protini iitwayo ESP1, ambayo jike huipokea kwa kipokezi mahususi na kumkubali dume.

Anayelinganisha azitenge kwanza jeni mfu (zilizoharibika, zisizofanya kazi tena), na ahakikishe jenomu, yaani jumla ya maandishi ya kijenetiki ya mnyama yasomwayo vipande vipande, imeunganishwa vyema, kwani jeni hizi hukaa kwa mafungu ya nakala zinazofanana mno, na uunganishaji hafifu huzihesabu nakala kadhaa kuwa moja.