Koti langu la mvua lina sumu?

SWALI: Shikamoo dada, mi napiga baiskeli Uyole mpaka Mwanjelwa na mvua za huku unazijua, nimepata koti la mtumba maji hayapiti kabisa, sasa jamaa ananiambia Ulaya wanayapiga marufuku eti yana sumu, nilitupe? Na hayo mapya yatazuia mvua kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usilitupe na wala usilichome. Kemikali zenyewe zinaitwa PFAS, ndo zinafanya maji yateleze juu ya kitambaa, shida haziozi, zikitoka kiwandani au jalalani zinaingia kwenye maji ya kunywa na zinakaa miaka na miaka, kwahiyo hofu kubwa ni huko kuliko kulivaa. Ufaransa wamezuia nguo nyingi zenye PFAS tangu Januari 2026, California kule Marekani walianza 2025 ila makoti ya mvua kali wameyapa mpaka 2028. Mi naona wamechelewa sana.

Mapya yanazuia maji vizuri tu, Gore-Tex wenyewe, wale maarufu kwa vitambaa vya kuzuia maji, wana utando mpya wa ndani usio na PFAS, ila ile dawa inayopakwa juu ya kitambaa maji yateleze haihimili mafuta, jasho na grisi ya cheni vinaiharibu haraka, kitambaa kinalowa nje unaanza kusikia baridi hata kama maji hayajapita. Kwahiyo lifue mara kwa mara, sabuni kidogo, suuza sanaaa, usiweke ile ya kulainisha nguo. Hilo la mtumba nalo hivyohivyo, likichanika weka kiraka.