Kitunguu saumu ao oksitetra kwa kuku wa nyama?

SWALI: Docta, jambo. Mie ni mama wa Kadutu hapa Bukavu, niko nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Mwenye kuniuzia dawa alisema nitie oksitetra kwenye maji kila siku tangu vifaranga wanafika mpaka siku ya kuuza, eti wanakua mbio na hawafi. Jirani yangu yeye anatia kitunguu saumu tu na kuku wake wako muzuri. Nifuate nani? Na nyama haitanuka kitunguu?

JIBU: Jambo sana mama. Oksitetra ya kila siku achana nayo kabisa, nakuomba. Oksitetra ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, na antibiotiki ni ya kuponyesha ugonjwa, ukimpa kuku muzima kidogo kidogo kila siku, bakteria dhaifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki zinazaana, zinapita kwenye mavi, kwenye mikono yako ukichinja, mpaka kwa watoto, halafu siku mtoto anaugua unamununulia dawa na haimufanyi kitu. Ndiyo maana Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukazikataza tarehe 1 Januari 2006, na kuku wa nyama bado wanafugwa huko mpaka leo.

Kitunguu saumu kina nguvu kweli, lakini nguvu yenyewe, alisini, inatoka pale unapokiponda na moto unaiharibu, kwa hiyo usikipike. Kikate, kianike kivulini, kisage, changanya gramu 5 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 250 kwa mufuko wa kilo 50. Kwa kipimo hicho nyama hainuki. Viwanda vya chakula cha mifugo vinapenda zaidi mafuta ya oregano na timi, majani ya kunukia, yana karvakroli na timoli, vitu vinavyotoboa ngozi ya bakteria ndani ya utumbo.

Ila majani haya yanasaidia kuku aliye kwenye nyumba safi, ndio hapo wengi wanaanguka. Bukavu baridi na mvua haviishi, mutu anaogopa, anaziba banda lote na sheeting ya plastiki, mbabula (jiko) ya makala ndani, maranda yamelowa. Inama mpaka pale kifaranga anapumulia, macho yakikuwasha ujue ni amonia ya mavi, inaunguza mapafu yao na hakuna kitunguu kitarekebisha hiyo. Acha hewa ipite juu, geuza maranda, yaliyolowa toa. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la digrii 32 mpaka 34.

Na ugonjwa wa Newcastle, ule unaoua kuku wengi kwa mara moja, mama ni virusi, oksitetra haiiponyeshi, kitunguu pia hapana, ni chanjo tu. Siku ya chanjo ya maji usitie kitu kingine chochote ndani.

SWALI: Kuku wangu wa wiki tatu wanahara damu, nawapa aloe vera na pilipili lakini wanazidi kufa. Niongeze? (Baba wa Majengo, Goma)

JIBU: Hapana baba, usingoje. Hiyo inafanana sana na koksidiozi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, tafuta dawa yake amproliamu leo hii, uwape kwenye maji kama karatasi ya dawa inavyosema, na maranda yote yaliyolowa yatoke. Peleka mmoja aliyekufa kwa veterineri amupasue aangalie utumbo. Aloe vera iache kwanza.