Re: Serikali ikilipa, watu watazaa zaidi?

Ndugu, umeuliza kama serikali ikitoa pesa watu watazaa zaidi. Korea Kusini wamezitoa miaka mingi, na mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Hela hizo huisha mtoto hajaota hata meno.

Sisi Kenya tulikuwa kwenye 8 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 tukafika 3.4. Mimi niko Kondele, Kisumu, nina wawili, na mama mkwe kila Krismasi anauliza wa tatu yuko wapi. Namwambia anilipie yaya kwanza! Ningekuwa serikali ningeanza na mahali pa kulelea watoto pale soko la Kibuye, kisha niongeze likizo ya baba. Wiki mbili ni mzaha.